Jicho la Kupumzikia

Mume alikuwa bafuni, povu limejaa kidevuni, wembe mkononi, anaimba herufi.

"H, N, V. Z, P, D. K, R, O..."

Mkewe alisimama mlangoni na taulo begani. "Baba Redio, unaimba nini?"

"Wimbo tu."

"Wimbo gani huo una irabu moja?"

Swali kama hilo lisingemtoka mtu mwingine, lakini yeye alikuwa mchora mabango. Majina ya maduka, mishale ya kuelekeza zahanati, namba za nyumba, yote yalipita chini ya brashi yake. Herufi alizijua kama mchinjaji anavyojua mifupa. Mumewe alikuwa dereva wa foklifti, lile gari fupi lenye meno mawili mbele, katika ghala la vigae na rangi. Kila mwaka madereva walipimwa macho hukohuko ghalani, kwa ubao uleule wa karatasi uliotundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, wenye herufi zilezile.

"Unazikariri," mkewe akasema.

Mume akasuuza wembe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Anayetangulia husoma kwa sauti. Mimi hukaa karibu na mlango."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Kwa hiyo huoni."

"Naona! Naona rafu, naona mizigo, naona watu."

"Watu gani?"

"Watu... kwa ujumla."

Mke alitaka kumfokea. Lakini wiki iliyotangulia yeye mwenyewe alikuwa amepata aibu yake. Fundi bomba mmoja alimpa kikaratasi chenye namba ya simu aiandike kwenye bango. Alikisogeza karibu, akakirudisha mbali, akakiegemeza dirishani, kisha akaandika nane mahali pa tatu, kwa rangi nyekundu, urefu wa dhiraa moja. Kwa siku nne mfululizo mwalimu mkuu mmoja mstaafu alipigiwa simu za vyoo vilivyoziba. Siku ya tano mwalimu akaenda mwenyewe kwenye duka la fundi, mwavuli mkononi, na hakukuwa na mvua.

"Jumamosi tunakwenda kupimwa," akasema. "Wote. Nyumba nzima."

"Wote" maana yake ilikuwa watu wanne. Yeye, mumewe, mama wa mumewe waliyeishi naye, na binti yao wa miaka saba, ambaye jina lake la kuzaliwa hata walimu walikuwa wamelisahau. Kila mtu alimwita Redio, kwa sababu akiamka anawaka na hazimiki mpaka alale.

Bibi alikataa papo hapo. "Macho yangu nayajua. Tumezeeka pamoja."

"Mama, unatia kidole ndani ya kikombe ndipo ujue chai imefika wapi," mkwewe akasema.

"Napima joto."

"Jana ulimkaribisha muuza ndoo ukadhani ni kaka yako."

"Na alikaa vizuri kuliko kaka yangu," Bibi akajibu. Lakini Jumamosi asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Nyumba tupu hakuipenda.

Redio alichukuliwa tu kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia.

Chumba cha kupimia macho kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Ngazi zilikuwa nyembamba na zimelika katikati. Redio alizipanda ubavuubavu, kiganja ukutani, akipapasa kila kidato kwa ncha ya kiatu huku akisimulia habari za mwalimu wao aliyekalia chaki. Mama yake akamwambia alivyomwambia kila siku: "Tembea kama mtu, mwanangu. Una haraka ya kuongea, huna haraka ya kutazama."

Mpimaji alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, miwani moja puani na nyingine ikining'inia kifuani kwa kamba. Aliwaketisha kwenye benchi ndani ya chumba chenyewe, akafunga pazia, akamwita baba kwanza.

Baba akakaa kwenye kiti kirefu, akakohoa kidogo, akafumba jicho moja, akaanza: "H, N, V. Z, P..."

"Bado sijawasha ubao," mpimaji akasema.

Bibi alicheka mpaka benchi likatikisika. Ubao ulipowaka haukuwa hata na herufi hizo. Ulikuwa na E tupu, kubwa juu na ndogo chini, nyingine zimelala, nyingine zimegeuka. "Niambie tu miguu yake imeelekea wapi," mpimaji akasema. Baba alizimudu tatu za juu. Ya nne akasema kulia kwa sauti ya mtu anayeuliza. Ya tano akanyamaza.

Mpimaji akamvisha fremu nzito ya chuma, akawa anachomeka vioo vidogo na kuvitoa. "Hiki, au hiki? Cha kwanza, au cha pili?" Ilichukua muda. Mwisho akafungua pazia na kumwambia atazame nje.

Ng'ambo ya barabara jengo lilikuwa linapakwa chokaa, na mtu alikuwa juu ya ngazi. Baba alimtazama, akavua ile fremu, akatazama tena, akaivaa.

"Yule ni mtu," akasema. "Amevaa kofia. Anakula ndizi." Kisha uso wake ukabadilika, utani ukamtoka wote. "Bila hivi vioo ni kama gunia limeegemezwa ukutani. Ghalani tuko watu thelathini."

Mkewe alimshika bega tu alipokuwa akirudi kwenye benchi.

Yeye mwenyewe hakuchukua muda. Mbali aliona vizuri kabisa. Mpimaji akampa kadi yenye maandishi madogo, akamtazama anavyoisukuma mbele kama mtu anayekataa chakula. "Mikono yako imeanza kuwa mifupi," mpimaji akasema. "Una miaka mingapi?"

"Arobaini na tatu."

"Basi huo si ugonjwa, ni kalenda. Miwani ya kusomea tu, na namba za simu zitakaa mahali pake." Ile habari ya fundi bomba, kumbe, ilishafika mpaka huku.

Kwa Bibi taa ndogo ilielekezwa jichoni kwa muda mrefu. Alipimwa presha ya macho, ikawa sawa. Kisha mpimaji akazima taa. "Mama, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Mtoto? Katika umri huu?"

"Ndani ya jicho kuna lenzi, na yako imefanya ukungu kama kioo cha bafuni. Hospitalini wanaitoa wanaweka nyingine safi. Unaingia asubuhi, mchana uko kwako."

"Hakuna mtu atakayenitia kisu jichoni nikiwa macho," Bibi akasema, na akajifunga kanga vizuri, maana yake mjadala umekwisha.

Mpimaji akaandika alichoandika. Kisha akageuka. "Na huyu?"

Redio alikuwa anazunguka kwenye kigoda cha magurudumu.

"Huyu hana shida," mama yake akasema. "Anaiona peremende iliyofichwa juu ya kabati."

"Kwa jicho lipi?"

Mama akamgeukia binti yake. Hakuwahi kufikiria kwamba hilo ni swali.

Mpimaji alimkalisha Redio, akaubadilisha ubao uwe wa herufi mchanganyiko, akamfunika jicho la kushoto kwa kijiko cheusi. Redio aliusoma ubao wa herufi kutoka juu hadi chini bila kupumua, na kama kungekuwa na jina la kiwanda chini kabisa angelisoma nalo. Bibi akampigia makofi. Kisha kijiko kikahamia jicho la kulia.

Redio akanyamaza.

Tangu alipojifunza kusema, hakuna aliyekuwa amewahi kusikia kimya cha namna ile ndani ya chumba alichokuwamo yeye. Taratibu akaanza kugeuza shingo, akitafuta upenyo kando ya kijiko.

"Usichungulie, mwanangu. Soma tu."

"Washa ubao kwanza."

"Umewaka."

"Haujawaka. Kuna mwanga tu."

Mpimaji akaleta herufi moja tu, ile kubwa kuliko zote, inayojaza ubao. Redio akaikunjia uso. "Kuna kitu," akasema. Halafu, kwa kuwa watu wazima wote walikuwa kimya na yeye hakupenda kimya, akawaeleza kwa upole: "Hili ni jicho la kupumzikia. La kuonea ni lile lingine." Akamgeukia mpimaji. "Kwani wewe la kupumzikia ni lipi?"

Mama yake alijikuta amesimama. Maji yaliyomwagwa kando ya glasi, mpira uliompita kila mara na kumgonga kifuani, ngazi zilizopandwa kwa kupapasa, na juu ya hayo yote sauti yake mwenyewe: tazama unakokwenda, una nini wewe, tembea kama mtu. Vilimjia kwa pamoja. Akashika ukingo wa meza ya mpimaji.

"Kaa, mama yangu," mpimaji akasema. "Sikiliza, kisha ulie baadaye kama itabidi. Usingeweza kujua. Jicho moja zuri hulificha lenzake. Mtoto anakimbia, anasoma, anaona peremende, nani atamshuku? Yeye mwenyewe hakujua kwamba watu huona kwa yote mawili."

"Ni kipofu jicho hilo?"

"Hapana. Ngoja nihakikishe." Akamtia Redio matone, wakasubiri mboni zipanuke, akachungulia ndani kwa taa kwa muda mrefu, akishusha pumzi kila alipomaliza upande mmoja. "Jicho ni zima. Lilizaliwa na kasoro ya kuona kubwa kuliko lenzake, likawa linapeleka picha zenye ukungu, na ubongo ukachoka nalo. Ukaamua kusikiliza jicho moja tu. Tunaliita jicho vivu, ingawa si kosa lake, limenyimwa kazi. Sasa tutalipa kazi. Miwani kwanza. Halafu tutaziba lile zuri kila siku kwa muda, ili hili lilazimike."

"Litapona?"

"Angekuja na miaka minne ningetabasamu zaidi. Angekuja na kumi na tano ningekuwa na maneno mengine. Ana saba." Akamkabidhi Redio peremende, akaiweka makusudi upande wa kushoto. "Twende kazini."

Jumatatu baba hakupanda foklifti. Alikwenda ofisini kwa mkuu wa ghala, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, akamwambia: "Nimekuwa nikikariri ule ubao. Sioni mbali. Miwani yangu itakuwa tayari baada ya wiki mbili, na mpaka hapo siendeshi."

Mkuu alimtazama. "Nani mwingine anakariri?"

"Sitataja mtu. Badilisha herufi, utawajua mwenyewe."

Kwa wiki mbili alisukuma mkokoteni kama kibarua, na wenzake wakamwita Chati, kwa ajili ya ule ubao wa herufi. Alivumilia. Mwisho wa mwezi mpimaji alialikwa ghalani na ubao wake wa kuwaka, na kati ya madereva kumi na mmoja wanne walitoka na vyeti vya miwani. Mmoja wao, aliyekuwa akicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, hakuiona hata E ya pili. Tangu siku hiyo jina la Chati likaanza kutamkwa kwa heshima.

Nyumbani mambo hayakwenda kirahisi hivyo. Miwani Redio aliipenda, ilikuwa ya zambarau. Wiki sita za mwanzo alivaa hiyo tu, na jicho la kushoto likapanda mistari miwili kwa kazi hiyo peke yake. Vita ilianza siku ya kiraka.

Kilikuwa cha kubandika, rangi ya mchanga, kinaziba jicho zuri lote. Kwa muda wa saa nne kila siku, mpimaji alisema, kuanzia akitoka shule. Siku ya kwanza kilidumu dakika tano. Siku ya pili kilionekana kwenye kioo cha bafuni. Siku ya tatu kilibandikwa mgongoni mwa baba, akaenda nacho kazini na kurudi nacho. Siku ya nne mama alimshika mikono ili asikibandue, na Redio hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nikivaa hiki sipo."

Mama alimwachia mikono. Akaenda jikoni akasimama mbele ya sinki, bomba likiwa wazi.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amesikia yote. Redio akamwendea, akajilaza mapajani pake.

"Bibi, na wewe uliambiwa ukatengenezwe. Mbona huendi?"

"Mimi ni mzee."

"Unaogopa."

"Siogopi."

"Unaogopa kama mimi."

Kidole cha Bibi kilikuwa kinapapasa ukingo wa kiti. "Haya, mke mwenzangu," akasema mwishowe. "Nikienda mimi, utavaa lako?"

"Ukienda, na ukirudi."

"Nitarudi, nitakwenda wapi?"

Wiki tatu baadaye Bibi alilazwa chali kwenye meza ya hospitali, amevaa kofia ya karatasi, na kwa kuwa ganzi ilikuwa ya jicho tu na si ya mdomo, alimhoji daktari kuhusu wazazi wake, ndoa yake na sababu ya kukosa ndevu. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharage. Jioni hiyo alikuwa nyumbani na ngao ya plastiki juu ya jicho, Redio na kiraka chake kando yake, wote wawili wakigongana na samani kama wageni.

Asubuhi wakarudi hospitalini, nesi akaiondoa ile ngao, akasafisha kope kwa pamba. "Fungua taratibu."

Bibi akafungua. Akaangalia ukuta. "Huu ni wa kijani," akasema. Akamwangalia mkwewe kuanzia viatu hadi kichwani. "Mkwe wangu! Una mvi!"

"Ninazo, Mama."

"Na hukuniambia! Na wewe," akamgeukia mwanawe, "umenenepa. Nilidhani ni shati."

Kisha akamwona mtoto. Redio alikuwa amesimama hatua mbili mbele ya kitanda, kiraka usoni, kichwa kimeinamishwa upande ili jicho lake dhaifu limkusanye Bibi vipande vipande. Bibi akanyoosha mikono yote miwili akamshika mashavu. Mara ya mwisho kuuona uso ule vizuri, mtoto alikuwa bado anatambaa.

"Una kidoti hapa kwenye nyusi," akasema. "Kama babu yako. Miaka yote hii, na hakuna aliyenitajia kidoti."

Kutoka siku hiyo Bibi alikuwa hashikiki. Kwanza alikagua nyumba, akauliza kama hufagiwa au huombewa tu. Pili alilichukua suala la kiraka mikononi mwake. Mtoto akitoka shule, anakula, anabandikwa, na wanakaa mezani wawili: kuchambua dengu, kutunga vifungo kwenye uzi, kurushiana sifongo ya kuogea ambayo haiumizi ikikupiga. Mwanzoni Redio aliidaka sifongo moja kati ya ishirini. Bibi aliihesabu kwa sauti kubwa majirani wasikie.

Mama naye akaleta kazi yake nyumbani. Alichora herufi tupu kwenye ubao mpana, mistari ya nje tu, na Redio akazijaza rangi akitumia jicho lile la kushoto. Herufi za kwanza zilikuwa na urefu wa mtoto mwenyewe, na rangi ilivuka mpaka ikapaka sakafu. Kila wiki mama alizipunguza kidogo. Maneno alichagua Redio. Wiki moja ubao uliosimama barazani ukasomeka BIBI ANAKOROMA, na wapita njia wakatoa pole.

Shuleni walijaribu kumwita Jicho Moja. "Ninayo mawili," akawajibu. "Moja liko mazoezini." Jina halikushika.

Mwezi wa tatu alipanda mistari miwili mingine. Mwezi wa tano wakaenda ghorofani kwa mpimaji wakiwa na matumaini yote, na Redio akaishia palepale. Herufi ileile iliyomshinda, ikamshinda tena. Akajaribu kukisia, akakosa, akaanza kulia kwa jicho lililofunguliwa na lililofunikwa pia.

"Labda tumefika mwisho wake," mama akasema kwenye korido. Alikuwa amechoka.

"Labda," mpimaji akasema. "Lakini sidhani. Kuna kitu hakiendi sawa. Mtazameni vizuri wakati wa kiraka."

Aliyegundua alikuwa baba. Jioni moja alikaa mkabala na binti yake akimtazama anavyojaza herufi, safi mno, haraka mno. Pua yake aliielekeza juu kidogo. Kati ya kiraka na pua palikuwa na upenyo mwembamba kama ukucha, na jicho la kulia lilikuwa hapo, linafanya kazi yake ya siku zote kwa siri.

Hakumgombeza. Alimchukua wakakaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba.

"Unachungulia."

Redio akatikisa kichwa. Kisha akakubali.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipochoka."

"Mimi pia nilidanganya ubao. Miaka miwili. Unajua nani aliyedanganyika? Si mkuu wa ghala. Ni mimi, nikawa naendesha gari zito katikati ya watu nisiowaona." Akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mwanangu, siwezi kukulazimisha. Nikikubandika vizuri utapata upenyo mwingine, una akili kuliko mimi. Lakini ukiamua, nitakaa na wewe zile saa nne kila siku nisipokuwa zamu. Hata kama hatusemi kitu."

"Tutasema," Redio akasema.

Kuanzia kesho yake alijibandika mwenyewe, akasugua kingo mpaka puani. Sifongo zilianza tena kumpiga usoni. Herufi zikavuka mistari. Bibi hakucheka. Aliporudi kutoka kazini baba alivua viatu, akakaa sakafuni kando ya ubao, na wakaongea saa nne nzima, au mmoja akaongea na mwingine akaitikia. Wakati huohuo Bibi alitengenezwa jicho la pili, akarudi akiwa ameona kwamba daktari wake, kumbe, ana ndevu.

Mwezi wa nane mama alichora herufi zenye urefu wa kidole gumba. Redio alizijaza, akasogea nyuma, akatazama, akarekebisha ukingo wa S. Mama alizitazama herufi zile kwa macho ya kazi, kama angemtazama mwanagenzi anayelipwa, na hakukuta pa kusahihisha.

Mwezi wa tisa walikwenda tena kupimwa, wote wanne, ingawa mwenye miadi alikuwa mmoja. Benchi lilikuwa lilelile nao walikaa wamebanana, baba na mama wameshikana mikono chini ya mkoba. Mpimaji akamketisha Redio, akafunika jicho la kulia kwa plasta nene, akaukagua upenyo wa puani kwa kidole. Akauwasha ubao.

Redio alisoma mstari wa kwanza. Wa pili, wa tatu. Wa nne alisoma polepole, midomo ikizionja herufi kabla ya kuzitamka. Wa tano ndio uliomliza mara ile. Akausoma wote. Mama alisikia mumewe akiacha kupumua.

"Endelea."

Wa sita. Herufi moja alisema C, akasita, "Hapana. G. Ina ulimi." Ilikuwa G.

"Endelea, mwanangu."

Wa saba. Alisogea mbele kwenye kiti, mikono imekamata magoti. "T," akasema. "Z. L. Hii ni... F. D." Akapumzika. "N."

Mpimaji alibadilisha herufi za mstari uleule kwa kubofya kitufe, akasema, "Tena." Redio akazisoma tena, zote sita, mpya. Mpimaji akavua miwani ya puani, akavaa ile ya kifuani, akaangalia karatasi ya siku ya kwanza na hii ya leo, akaziweka sambamba juu ya meza ili wazazi waone.

"Limebakiza mstari mmoja tu lilifikie lenzake," akasema. Sauti yake ya taratibu ilikuwa imeacha utaratibu. "Mmoja!"

Kisha akabandua ile plasta, akatoa kitabu chembamba kwenye droo, na miwani nyeusi kidogo akamvisha Redio juu ya ile yake. Ndani ya kitabu palikuwa na picha kubwa ya kereng'ende. "Shika bawa lake," akamwambia.

Mtu anayeona kwa jicho moja huweka kidole kwenye karatasi. Redio alipeleka mkono, na vidole vyake viwili vikafumba hewani, juu ya ukurasa, mahali pasipo na kitu. Akashtuka, akaurudisha mkono. Akaupeleka tena. Vikafumba palepale.

"Limeinuka!" akapiga kelele. "Limetoka nje ya kitabu! Mama, limeinuka, njoo, linaning'inia!"

"Linaning'inia kwa sababu macho yako mawili yanaliona kwa pamoja," mpimaji akasema. "Sasa yanafanya kazi moja."

Mama alipiga magoti kando ya kiti akamkumbatia mtoto pamoja na miwani zote mbili. Baba alikuwa amegeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na nguvu ya kutembea. Alifungua mlango wa chumba cha kusubiria, ambako watu kama kumi walikuwa wameketi na karatasi zao: mzee mwenye fimbo, wanafunzi wawili, mama na kichanga, dereva mmoja mwenye sare.

"Mjukuu wangu," akawatangazia, "amesoma mstari wa saba! Kwa jicho la kushoto! Peke yake!"

Walitazamana. Hakuna aliyemjua, na huenda hakuna aliyejua mstari wa saba ni upi. Yule mzee alianza, akiipigapiga fimbo yake sakafuni, kisha wanafunzi wakapiga makofi, kisha chumba kizima, kichanga kikaamka kikapiga yowe lake. Redio akatokea mlangoni katikati ya mama na baba, nywele zimetimka, akainua mikono yote miwili juu, akaanza kuwasimulia tangu mwanzo.